Firigisi ya Chifu

Mpendwa wifi yangu Rael,

Kuku hawajambo. Nimeanza na wao kwa sababu hata ulipokuwa hapa salamu zilianzia kwao. Ulikuwa ukifika kutoka Nakuru mjini, viatu vimejaa vumbi, na kabla hujaniuliza kama nimekula unapaza sauti langoni: "Wafanyakazi wako aje?" Basi wafanyakazi wako salama. Wanataga, wanagombana, wanaoga mchangani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza umeenda wapi. Mimi ndiye niliyeuliza, na nikajibiwa na yule mwanamke wa kwenye simu asiyechoka, kwamba mteja ninayempigia hapatikani. Baada ya wiki kadhaa nikajaribu kwa simu ya kaka yako. Ikaita mara moja. Ukapokea, ukasikia ni mimi, ukakata. Hapo nikaelewa kwamba unapatikana vizuri sana. Ni mimi tu nisiyetakiwa kukupata.

Ndiyo maana naandika wazi, asome anayetaka kusoma. Nakujua. Barua ya bahasha ungeisukuma chini ya godoro mpaka panya waisome kwanza. Lakini kitu kinachosomwa na watu wote hujawahi kukiacha kipite. Ulikuwa unasoma hata gazeti lililofungia nyama, ukiligeuza geuza kutafuta mwisho wa habari.

Unakumbuka siku uliyokuja? Mimi nilikuwa nikianika mahindi. Nikaona mwanamke anapanda kutoka barabarani na mkoba mmoja begani, na kwenye mkono mwingine kikapu kilichofunikwa leso. Nilijua ndoa yako huko kwa wenyewe ilikuwa na shida, lakini sikujua kwamba imefika mahali pa kikapu. Ukakiweka chini, leso ikainuka, tetea mweusi akachomoa kichwa na kutuangalia sote kama mtu aliyecheleweshwa.

"Nguo nimewaachia," ukasema. "Huyu nilimnunua mwenyewe."

Ukampa jina la Shangazi, kwa sababu, ulisema, amekuja kukaa na haonekani kama ataondoka. Uliongea juu ya kuku, lakini sote wawili tulijua unajisema mwenyewe. Nikakupokea mkoba. Kaka yako akakupokea Shangazi, akiwa amemshika mbali na suti yake ya kanisani.

Majirani walitupa mwezi mmoja. Wanawake wawili, jiko moja, mmoja ameolewa hapo na mwingine amezaliwa hapo! Walikuja kukopa chumvi kumbe wamekuja kuhesabu kama sahani bado ziko nzima. Wakarudi na chumvi tu. Nadhani kilichotuunganisha ni Jumapili ile ya kwanza, wageni wa kaka yako, Baba Tito, walipokuja kula. Kwenu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto mdogo anajua, na mimi nilikuwa nimeshaitafuta kwenye sufuria niiweke juu ya bakuli lake kama ninavyofanya siku zote. Ukanishika mkono. Ukaitoa kwa kijiko, ukaipuliza, ukaikata katikati juu ya kifuniko, ukanipa nusu.

"Kula haraka."

"Na Baba Tito?"

"Kaka yangu amekula firigisi tangu tukiwa watoto, mimi nikiangalia. Ameshiba."

Tukatafuna tumeelekea ukutani. Kule mezani mwenye nyumba alichimbua lile bakuli mpaka chini, akauliza kwa upole, "Mama Tito, huyu kuku hakuwa na firigisi?" Kabla sijafungua mdomo ukajibu kutoka jikoni: "Hawa wa kienyeji wa siku hizi, kaka, wengine wanazaliwa hivyo tu." Na mtu anayebishana na redio wakati wa taarifa ya habari alikubali hilo bila swali. Kuanzia siku hiyo hakuna kuku aliyezaliwa na firigisi katika boma hili. Mimi nilikuwa nimeolewa humu miaka mingi, wifi, lakini siku hiyo ndiyo niliyofika.

Mradi wa mayai ulikuwa wazo lako, na nalisema wazi ili mtu asidhani nakunyang'anya. Wewe ndiwe uliyeona kwamba watu wa mjini wamechoka na mayai ya gredi, yale ya kuku wanaofungiwa kwenye waya maisha yao yote bila kukanyaga chochote. Ulisema, "Kuku atembee. Akitembea yeye, na sisi tutatembea." Nami nikawaza jinsi ya kumtembeza bila kumpa mwewe, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa maneno na mimi mtu wa kuangalia. Sikusomea kuku mahali popote. Nilikaa kwenye kiti kifupi nikawatazama, na nikagundua kwamba kuku akiachiwa shamba zima anaharibu pale pale karibu na mlango, kama watu kwenye harusi. Ni lazima asogezwe.

Ndipo tukanunua ule mkokoteni mbovu, tukajenga nyumba ya kuku juu yake, mbao na mabati, viota pembeni. Kila Jumamosi tuliuvuta hadi kwenye nyasi mpya, wewe kamba ya kulia, mimi ya kushoto, kuku wanatufuata nyuma wakilalamika kama watu wanaohamishwa na serikali. Walikotoka tulipanda sukuma wiki na kunde, na mbolea ilikuwa imeshamwagwa na wenyewe bila mshahara. Kwenye viota tuliweka majani ya leleshwa, kile kichaka cha porini chenye harufu kali, kuzuia utitiri. Dawa ya dukani ilikaa kabatini mpaka ikaharibika. Mwewe akija ulitoka na kifuniko cha sufuria ukikigonga na mwiko, ukimtukana yeye na ukoo wake. Siku moja ulijikwaa ukaanguka na mwewe akaruka kwa mshtuko. Ukiwa bado chini ukasema, "Umeona? Hata nikilala nafanya kazi."

Tope lilikuwa wazo lako pia. Mimi nilitaka mayai yapanguswe kwa kitambaa kikavu, kila moja. Kuyaosha nilikataa, kwa sababu yai lina kingozi chake chembamba kinacholilinda, ukiliosha umelivua nguo. Lakini kupangusa, nilipangusa. Ukaniambia niache tope kidogo.

"Yai safi hawaliamini, wifi. Wanadhani limetoka kiwandani. Tope ndiyo cheti."

Nikacheka mpaka nikashika kiuno. Nilianza kuacha tope kidogo kwenye kila trei, si la kupaka, ni lile lililokuja na miguu ya kuku mwenyewe, na juu yake ukaongeza jani moja la leleshwa. Wateja wakalipenda jani kuliko hata yai. Tulikuwa na wauguzi, walimu, wamama waliotoka kujifungua, na yule mwenye hoteli ya nyama choma kule Kikopey aliyewachemshia watoto wake tu mayai yetu, huku akiwauzia wasafiri mengine. Ulimwambia kila mtu, "Haya mayai yametembea." Nao walilipa kwa ajili ya kutembea huko.

Kisha ukaja ule ukame ulioambatana na kunyonyoka. Unajua kuku hufika wakati wake, manyoya yanaanguka, anaonekana kama mtu aliyeibiwa njiani, na hatagi. Huwezi kumlazimisha. Wale wa kwenye waya wanawashiwa taa wadhani ni mchana daima, lakini sisi tulikuwa tumekubaliana, mimi na wewe, pale kwenye kiti kifupi, kwamba kuku wetu akitaka kupumzika atapumzika. Nikakuambia waambie wateja wasubiri.

"Mteja hasubiri, wifi. Mteja anahama."

"Basi ahame, atarudi."

Wiki iliyofuata ukanipa habari njema: umepata wanawake huko Solai wanaofuga kama sisi, wanatembeza kuku, wanaweka leleshwa, tutaongezea mayai yao kwenye yetu. Nilifurahi kweli. Niliwaombea wale wanawake kanisani, Rael. Nilisimama mbele za watu nikamwomba Mungu abariki kazi ya mikono ya dada zetu wa Solai. Nawe ulikuwa umekaa benchi la pili, ukasema amina.

Kipindi hicho ulikodi kile chumba nyuma ya maduka pale Rongai, cha kuhifadhi mayai karibu na barabara. Ukaniomba gunia la leleshwa. Nilichuma. Ukaniomba manyoya ya kuku, ati ya kutandika kwenye kasha mayai yasigongane. Niliokota. Ukaniomba ndoo ya udongo wa pale kuku wanapolala, ya kupandia maua kwenye makopo mlangoni. Niliibeba mwenyewe mpaka chini barabarani, nikabadilisha mkono njia nzima. Nilifikiri maua gani hayo ya bahati.

Halafu Mama Cheruto akaja.

Kwa wasiomjua, Mama Cheruto ni mteja wetu kutoka Molo, mfugaji wa ng'ombe na mkulima wa viazi, mwanamke wa maneno machache anayevaa koti hata akipika. Alikuwa amenunua trei moja kwako, lakini hakununua ya kula. Na hapa, wifi, ndipo akili yako ya mjini ilipokuangusha. Ulifikiria jinsi ya kumdanganya mtu anayekaanga. Ukasahau kwamba huku kwetu mtu akisikia mayai ya kienyeji mazuri, wazo la kwanza si sufuria. Anataka mbegu. Anachagua makubwa, anampelekea tetea wake anayetaka kuatamia, anasubiri vifaranga.

Tetea wa Mama Cheruto alilalia mayai yale wiki tatu nzima katika baridi ya Molo. Alishuka tu kunywa maji, akapanda tena. Hakuna kilichotoka. Mama Cheruto akayaleta mayai yote kwenye kikapu, akayaweka mezani kwangu, akawasha tochi ya simu na kulimulika moja baada ya jingine. Yaling'aa ndani kama balbu. Hakukuwa na hata uzi wa damu.

"Mama Tito," akasema, "sikuja kugombana. Nauliza tu. Jogoo yenu iko mgonjwa?"

Jogoo wetu alikuwa Chifu. Mmoja tu, kwa sababu majogoo wengine tulikuwa tukiuza wakiwa vijana. Kishingo, shingo tupu bila unyoya, nyekundu kama ya mzee aliyekaa juani. Tulimpa jina hilo kwa kuwa kila asubuhi aliitisha mkutano ambao haukuwa na ajenda. Nilimtetea. Nilisema Chifu yuko mzima, anafanya kazi yake hadharani, kila mtu ni shahidi. Mama Cheruto akainua tena yai moja kwenye mwanga.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Nilikugeukia. Nilikugeukia kwa sababu nilipokosa maneno nilikuwa nimezoea kuyatafuta kwako.

Ukasema, "Chifu amezeeka, wifi. Tukubali tu."

Ulilisema kwa huruma. Hata uliweka mkono begani mwangu. Mama Cheruto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa pole msibani, na kabla hajaondoka nikamuuliza tetea wake anaendeleaje. Akasema bado amekalia kiota. Ameondolewa mayai, amekataa kuinuka. "Inalalia hewa," akasema.

Jumapili tukamchinja Chifu. Nilimshika mimi, kwa sababu alikuwa ananiamini. Nyama ilikuwa ngumu, ilichemka mpaka kuni zikaisha, na tulipofunua sufuria ukafanya kama siku zote: ukaitoa firigisi, ukaipuliza, ukaikata juu ya kifuniko, ukanipa nusu. Ilikuwa kubwa. Tukatafuna tumeelekea ukutani. Nilikuambia nasikitika kumla mtu aliyenisalimia jana. Ukasema, "Amestaafu vizuri." Nikacheka, Rael. Umenisikia? Nilicheka.

Siku chache baadaye, Shangazi akaangua.

Nilikuwa nimempa mayai yetu wenyewe, nimeyatoa kiotani kwa mkono wangu, wakati Chifu bado anaitisha mikutano. Baada ya yale ya Molo sikutarajia kitu. Nilienda kumwondolea mayai asije akalalia bure naye. Nikaingiza mkono chini yake, nikaguswa na kitu chenye joto kinachosogea. Nikamwinua. Vifaranga vilikuwa vimejaa pale, vimelowa, vinalia, na karibu nusu yake vilikuwa na shingo tupu. Shingo nyekundu ndogo, kama za wazee waliopungua ghafla.

Nilikaa kwenye kiti kifupi. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Jogoo alikuwa mzima. Kama mayai ya Molo hayakuwa na kitu ndani, basi yale mayai hayakuwahi kumwona Chifu, wala jogoo mwingine yeyote. Na kuna kuku wa aina moja tu asiyewahi kuona jogoo katika maisha yake: yule wa kwenye waya.

Hata hivyo nilitafuta njia ya kutokujua. Nilijiambia labda dada zetu wa Solai wamekosa jogoo. Nikachukua kifaranga kimoja cha shingo tupu, nikakitia kifuani ndani ya sweta, nikashuka Rongai kukuletea habari. Nilitaka uniambie nimekosea. Ungesema lolote, ningelibeba kama ile ndoo.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ulikuwa umekaa kwenye stuli, umenipa mgongo, trei za mayai zimepangwa mpaka dirishani, mayai makubwa, ya rangi moja, ya ukubwa mmoja, yamenyooka kama wanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi. Miguuni pako beseni la tope. Mkononi mswaki mzee. Ulikuwa ukichovya, unagusa yai mara moja ubavuni, unapuliza, unabandika unyoya mdogo, unaweka. Kazi nzuri. Hukupaka yote, uliyaacha mengine safi ili yasionekane yamepakwa. Makopo yalikuwa pale mlangoni. Hayakuwa na maua.

Kifaranga kikalia ndani ya sweta. Ukageuka.

"Wifi! Kwani si ungepiga simu?"

"Nimekuletea mtoto wa Chifu."

Ukaiangalia ile shingo. Halafu ukasema jambo ambalo nimelichukia na kulicheka kwa zamu tangu siku hiyo:

"Tope ni la kwetu, lakini."

Nikakuuliza ni nani alikulazimisha.

"Nimwambie nini mama aliyejifungua? Asubiri kuku wamalize kubadilisha nguo?"

"Ndiyo. Umwambie hivyo hivyo."

"Kwako ni rahisi. Wewe uko na bwana, uko na shamba. Mimi niko na laini ya simu na hao wateja. Wakihama, nahamia wapi? Nirudi kukaa kwa kaka yangu kama Shangazi?"

Hapo ulinigusa. Sikatai. Ningekuwa na akili ningekaa chini tuongee. Lakini kifaranga kilikuwa kinalia.

"Na Chifu?"

"Chifu alikuwa mzee."

"Rael."

"Sasa ningesema nini, na Mama Cheruto amesimama pale?"

"Ungesema jogoo hana makosa."

Ukacheka kidogo, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Wifi. Ni kuku."

Nimelirudia neno hilo nikivuta mkokoteni peke yangu, maana siku hizi nauvuta kamba moja leo na nyingine kesho, unaenda upande upande kama mlevi. Ni kuku. Ni kweli. Mayai ya uongo ningeweza kuyasamehe kwa muda, nikiwa nanung'unika. Njaa inafundisha watu mambo, na hofu ya kurudi na mkoba mmoja nimeiona machoni pako tangu siku ya kwanza. Lakini ulikuwa na Jumapili nzima, wifi. Nilikuwa nimemshika miguu na mabawa. Ulikuwa na muda wa kisu, muda wa maji ya moto, muda wa kunyonyoa, na sufuria ile ilichemka mchana kutwa. Neno moja tu lilitosha. Badala yake ulinikatia nusu, ukanitazama nikitafuna.

Ijumaa chumba kilikuwa kitupu. Ulienda na laini, na wateja wote ndani yake. Uliacha beseni. Kaka yako aliuliza mara moja, nikamwambia umepata kazi Nairobi. Akasema, "Bila kuaga?" Nikasema wengine wanazaliwa hivyo tu. Alinitazama, nadhani alilikumbuka hilo neno mahali, lakini hakujua ni wapi.

Nilipanda lori la viazi lililokuwa likirudi tupu Molo, dereva ni jirani, na mapajani nilibeba katoni ya vifaranga na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Mama Cheruto alinipokea na koti lake. Tetea bado alikuwa amekaa, amekonda, macho mekundu, kiota hakina hata ganda. Tulingoja jioni giza lianze kuingia, tukamsukumia vifaranga chini ya bawa kimoja kimoja. Cha kwanza alikishtukia. Cha pili akakisogezea bawa. Baada ya hapo akaanza kutoa ile sauti ya chini ya koo ambayo kuku hutoa kwa watoto tu, na Mama Cheruto akapangusa pua kwa mkono wa koti akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Nilimweleza yote. Alifikiri, kisha akauliza, "Na hiyo jogoo mlikula?"

"Tulikula."

"Woi," akasema.

Wale wateja niliowajua nyumba zao niliwatembelea mmoja mmoja. Niliwaambia walichokula. Muuguzi mmoja alinifungia mlango kwa heshima. Wa Kikopey alisema watoto wake hawakuona tofauti, akaagiza tena, akiwa na sharti moja: jani la leleshwa lisikose. Mwalimu akaniuliza yai lipi sasa ni la kweli, nikashindwa kumwonyesha kwa macho, nikamwambia aje aone kuku. Alikuja. Akavuta kamba ya kulia mara moja, akaiachia, mikono imemchubuka. Wako wachache, lakini wanasubiri. Kuku walipoota manyoya mapya walikuta bado tunao watu wa kuwatagia.

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza hapo. Kisha mwezi huu Mama Cheruto akanitumia picha kwenye simu. "Huyu si wewe?" Ni mimi. Nimesimama kando ya mkokoteni na kitambaa changu cha kijani, natabasamu kama mtu asiyejua kitu, na kwapani nimemshika Chifu. Ni wewe uliyeipiga. Ulinifanya nicheke kwa kuniambia nimshike vizuri, ni kiongozi. Sasa iko kwenye ukurasa wako wa huko Nairobi, na chini yake umeandika: Mayai yetu yametembea. Chifu tuliyemla bado unamtuma kazini. Na mimi, ambaye hunipokei simu, nawahakikishia watu nisiowajua, kwa meno yote, kwamba mayai yale ni ya kweli.

Itoe hiyo picha, Rael. Hilo ndilo ninaloomba. Uza unachouza, hata mayai ya kuku wanaowashiwa taa, paka tope la kwenu huko, lakini uso wangu uutoe. Ndio niliobaki nao wa kuwaonyesha wateja langoni. Na anayesoma hii huko mjini, akiniona pale kwenye picha nikitabasamu, ajue sijui yale mayai yametoka wapi. Mimi niko Rongai ya Nakuru, na hatujaanza kupeleka Nairobi.

Shangazi yupo. Hatagi sana tena, lakini hakuna anayemtajia neno kustaafu. Kule Molo kuna jogoo mdogo wa shingo tupu ambaye ameanza kuitisha mikutano. Mama Cheruto anasema asubuhi anatetemeka, baridi inamwingilia pale pasipo na manyoya, ila hanyamazi. Amemfumia kitu cha shingoni kwa uzi wa sweta kuukuu. Natamani ungeona. Ungelala chini kwa kicheko.

Nyumba hii ulizaliwa karibu nayo, siwezi kukuzuia kuja, wala sitaki. Chumba chako nakifagia. Ukija, hata kama utakuja na mkoba mmoja, nitakupokea mkoba. Nitachinja kuku, kwa sababu wewe ni mgeni sasa, na mgeni huchinjiwa. Utakaa sebuleni na kaka yako, mimi nitapika peke yangu. Na firigisi itakuja mezani juu ya bakuli lake, nzima.

Uende salama huko uliko,

Mke wa kaka yako,
Mama Tito